Ukipunguza tumbo, jikoni wajulishe!

Mwezi huu tonge ndilo mada yetu. Kaa mkao wa kula, ila ukumbuke kwamba mtu tunayemzungumzia leo hawezi kumaliza hata nusu kikombe cha uji.

Nawazungumzia wenzetu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Miaka ya nyuma ukisikia mtu kakatwa tumbo ili apungue, ujue kapanda ndege kwenda India au Afrika Kusini. Siku hizi mambo yamesogea. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, inaweka puto tumboni na inafanya upasuaji pia. Na wenye uhitaji wapo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta wanawake 28 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Profesa Mohamed Janabi, aliyeiongoza Muhimbili kabla ya kwenda kuwa Mkurugenzi wa WHO Kanda ya Afrika mwaka 2025, alitusema Watanzania kuhusu sahani zetu mpaka leo mtu akichukua chapati ya tatu lazima atajwe kwa utani.

Tatizo ni kwamba waliofanyiwa hawasemi. Unakutana na shosti wako, kilo 30 hazipo, unamuuliza siri ni nini, anakujibu, "Mazoezi tu mpenzi, na maji ya ndimu asubuhi." Haya. Kumficha shosti wa kazini hakuna ubaya, mwili ni wake. Balaa linaanza pale siri hiyo inapofichwa hata kwa watu wanaokupikia. Katika wiki nane za mwanzo, mgonjwa hula chakula cha aina yake, kwa kipimo chake na kwa saa zake. Huwezi kula hivyo kwa kujificha katika nyumba ya Kitanzania. Haiwezekani, na nitakueleza kwa nini.

KWANZA TUELEWANE

Watu wanachanganya mambo. Puto siyo upasuaji. Daktari analipitisha mdomoni likiwa limekunjwa, analijaza maji tumboni, linakaa miezi sita au hata mwaka kutegemea aina yake, kisha linatolewa. Hukatwi popote, ingawa siku za mwanzo kichefuchefu chake si mchezo, na hapo pia utaanza na vimiminika.

Upasuaji wenyewe uko wa aina zaidi ya moja. Unaofanywa zaidi ni ule wa kuondoa kama asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, likabaki bomba jembamba mfano wa ndizi. Kinachobaki kinabeba chini ya kikombe cha chai. Mwingine huitwa baipasi: daktari anatenga kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, ujazo wa mililita 30 hivi, anakiunga na utumbo mwembamba ili chakula kipite njia ya mkato.

Sasa fikiria jeraha lililoshonwa ndani ya tumbo, halafu juu yake litue tonge la ugali. Ndiyo maana mgonjwa anaanza na maji, anapanda kwenye vimiminika vizito, kisha vilivyopondwa, kisha laini. Hizo ni hatua za kupona. Asiyezifuata anaweza kurudi hospitali kwa kilio.

YALIYOTOKEA SINGIDA

Nitatoa mfano kwa ruhusa ya wahusika, majina nayaacha. Binti wa mama yangu mdogo ni ofisa wa benki, ameolewa Singida mjini. Mumewe anafanya biashara ya mafuta ya alizeti, kama ilivyo kwa wengi kule kwetu. Alikuwa na kilo 128, sukari na presha. Miaka mitano ya ndoa hawajapata mtoto, na daktari aliwaambia uzito ni sehemu ya tatizo. Wakajichanga, akafanyiwa upasuaji Dar es Salaam. Akakaa kwangu siku kumi na mbili, kisha tukapanda treni ya SGR hadi Dodoma, na kutoka hapo gari hadi Singida, huku kila baada ya muda namlazimisha asimame anyooshe miguu ili damu isigande. Nikabaki naye wiki mbili kumsaidia jikoni.

Wanandoa hawa walikuwa wamekubaliana jambo moja: mama mkwe, anayeishi Ikungi, asijue kabisa. Shemeji yangu alisema, "Dada, wewe si mgeni wa Singida. Mama akisikia mkewe mwanawe kakatwa tumbo ili asile, ataitisha kikao cha ukoo." Ikatungwa hadithi ya vidonda vya tumbo.

Siku ya ishirini mama mkwe akatia timu bila taarifa. Jogoo wawili mkononi, unga wa uwele, mlenda wa kukausha, na chupa ya asali. Alikuja kumuuguza mkwewe. Akaingia jikoni mwenyewe, akafukuza kila mtu. Na wewe unajua: mama mkwe akikupikia, kukataa ni tusi. Ule ndio upendo wake, hana namna nyingine ya kuusema.

"Umekonda mwanangu. Kula."

Mdogo wangu akanitazama, akamtazama mumewe. Mumewe akainama. Basi akakata tonge, akachovya kwenye mlenda, likateleza. Akakata la pili. Dakika kumi hazikupita, jasho likamtoka, kifua kikambana, mdomo ukajaa mate, akakimbilia bafuni. Tukamsikia anatapika.

Unajua mama mkwe alifanya nini? Alipiga vigelegele! Miaka mitano anasubiri mjukuu, mkwe kala kidogo kakimbia kutapika, wewe ungewaza nini? "Nilijua tu! Vidonda vya tumbo gani vile!" Simu ikatoka kwenye mkunjo wa kanga ili awapigie mawifi.

Mdogo wangu katoka bafuni, uso umemtota, anakuta anashangiliwa kwa mimba ambayo haipo. Akakaa chini sakafuni akaanza kulia, na kilio kile hakikuwa cha tumbo.

Hapo ndipo shemeji yangu alipokuwa mwanaume wa nyumba. "Mama, weka simu. Keti." Akamweleza yote kwa Kinyaturu, taratibu, kuanzia sukari hadi mkasi wa daktari. Mama alikaa kimya muda mrefu. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kwa hiyo huyu mtoto amekula sumu yake ili mimi nisikasirike?"

Tulimpigia daktari, akauliza maswali ya hatari, akatuagiza tumrudishe kwenye vimiminika kwa siku nzima. Kesho yake alfajiri nikamkuta mama jikoni ananisubiri nimsomee ile karatasi ya hospitali. Karatasi imejaa unga wa protini wa kwenye makopo na majina ya vyakula vya dukani. Nilipofika penye "chakula kilichopondwa kisicho na chembe", akacheka. "Haya ndiyo niliyompikia babu yao alipoishiwa meno. Leteni chujio."

Wiki mbili walizohangaika kwa siri zilikuwa ngumu kuliko miezi yote iliyofuata.

JIKO LA SINGIDA, HATUA KWA HATUA

Karatasi ya hospitali yako ndiyo sheria, maana kila daktari ana ratiba yake na kila upasuaji una masharti yake. Lakini kwa ujumla safari huwa hivi:

1. Siku ya kwanza na ya pili: vimiminika vyepesi. Maji, chai nyepesi bila sukari, na supu ya kuku iliyochujwa na kuenguliwa mafuta yote. Ni funda moja moja, kama mtu anayeonja dawa. Supu hii inatuliza na kurudisha chumvi mwilini, ila usidanganyike kwamba ni mlo. Protini yake ni ndogo.

2. Hadi mwisho wa wiki ya pili: vimiminika vizito. Maziwa yaliyopunguzwa mafuta, mtindi mwepesi usiotiwa sukari, na uji mwepesi wa ulezi au mtama uliopikwa kwa maziwa, ukachujwa. Kipimo ni rahisi: kama hakipiti kwenye chujio la chai, hakijafika zamu yake. Uji peke yake ni wanga, kwa hiyo maziwa ndani yake ndiyo yenye kazi.

3. Wiki ya tatu na ya nne: vilivyopondwa. Choroko au dengu zilizochemshwa mpaka zikafa, zikasagwa kwenye blenda au kukandamizwa kwenye chujio hadi maganda yabaki juu. Yai lililovurugwa laini kabisa. Samaki aliyechemshwa, akatolewa miiba yote na kupondwa na mchuzi wake. Perege wa Ziwa Kitangiri kule Iramba anafaa sana. Boga na viazi vitamu vilivyopondwa vinakuja baada ya hivyo, kijiko kimoja au viwili.

4. Wiki ya tano hadi ya nane: laini. Unachoweza kukiponda kwa uma bila kutumia nguvu. Kuku aliyechemshwa akachambuliwa nyuzi nyuzi ndani ya mchuzi, maharage yaliyolainika, parachichi, papai, ndizi mbivu, mboga za majani zilizokatwa ndogo na kuiva vizuri.

Baada ya hapo unarudi kwenye chakula cha kawaida, kimoja kimoja. Leo umejaribu kipya, kesho kingine. Ukijaribu vitatu siku moja na tumbo likagoma, hutajua mchokozi ni nani.

Namna ya kula ina uzito sawa na unachokula. Tumia kijiko cha chai na kisosi, siyo sahani. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Anza na protini. Tumbo jipya halisemi "nimeshiba" kama la zamani. Linatoa ishara ndogo ndogo kama kwikwi, pua kuchuruzika ghafla au kifua kuwa kizito. Ukiona mojawapo, weka kijiko chini hata kama kimebaki kiasi cha kulamba.

MAJI, MAJI, MAJI

Anayeijua Singida anajua lile jua na ule upepo. Ni mkoa mkavu, midomo inapasuka. Na kupungukiwa maji ni miongoni mwa sababu zinazowarudisha wengi hospitali baada ya upasuaji huu, kwa sababu mtu hawezi tena kupiga glasi nzima kwa mkupuo. Lengo ni kama lita moja na nusu kwa siku, kwa mafunda. Tulimwekea mdogo wangu chupa ya nusu lita yenye alama za kalamu: hapa saa nne, hapa saa sita. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, umechelewa.

Lakini maji na chakula visikutane. Acha kunywa dakika 30 kabla ya kula, na subiri dakika 30 baada ya kula. Soda weka kando, gesi yake itakutesa. Mrija nao uache, unavuta hewa.

HESABU YA PROTINI

Wengi hupewa lengo la gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Namba hiyo inatisha, hasa ukidhani lazima ununue makopo ya bei mbaya. Hebu tupige hesabu ya jikoni. Glasi ya maziwa ina gramu 8 hivi. Kikombe cha mtindi, 8. Yai moja, 6. Nusu kikombe cha choroko zilizoiva, 7. Kipande cha samaki au kuku cha gramu 60, kama 15. Chukua maziwa glasi mbili, mtindi kikombe kimoja, mayai mawili, choroko na samaki kwa siku nzima: umefika 58. Koroga vijiko vitatu vya chakula vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta ndani ya yale maziwa yako, umevuka 60.

Wiki za mwanzo hutaweza kumaliza vyote hivyo, na hapo ndipo unga wa protini unaposaidia kama mfuko unaruhusu. Muulize daktari wako kabla ya kununua. Na protini yote hiyo haiondoi vidonge. Vitamini, madini ya chuma, kalisi, B12, hivyo ni vya miaka, kwa wengi ni vya maisha, kwa sababu tumbo dogo au njia ya mkato havifyonzi kama zamani.

MITEGO YA KWETU

Laini haina maana ya salama. Hapa naomba tusikilizane, maana vyakula vinavyoponza wengi vinateremka vizuri kabisa.

Asali. Singida tunajivunia asali yetu, na kila bibi atakuambia ni dawa. Kwa tumbo lililopunguzwa asali ni sukari. Aliyefanyiwa baipasi akilamba vijiko viwili vitatu anaweza kupata mapigo ya moyo ya kasi, jasho, kizunguzungu na kuharisha. Hali kadhalika juisi za sukari, aiskrimu, na biskuti zilizochovywa kwenye chai. Hivyo hupita bila kugusa kizuizi chochote, na kilo zinarudi kimyakimya.

Mlenda. Mboga yenyewe haina kosa, ikifika hatua ya laini unaweza kuila kwa kijiko. Kosa ni kwamba mlenda umetufundisha kumeza bila kutafuna. Tonge linateleza zima zima. Mwenye tumbo jipya hana ruhusa hiyo.

Ugali, wali, chapati na mkate. Vinavimba na kukwama. Wengi huvisubiri miezi kadhaa, na hata hapo ni tonge dogo la mwisho baada ya protini.

Kuku wa kienyeji. Sifa ya kuku wa Singida ni nyama yenye kazi. Kazi hiyo sasa ifanywe na sufuria: achemke muda mrefu mpaka nyama iachane na mfupa. Wa kuchoma asubiri.

Mafuta ya alizeti. Kijiko cha chai kinatosha kwa sufuria ndogo. Mbegu zake za kutafuna, pamoja na karanga nzima, ziache kwa miezi ya mwanzo.

Pombe. Inapanda kichwani haraka mno kuliko zamani, na inazoeleka haraka. Madaktari wengi hukataza angalau miezi sita hadi mwaka.

KWAKO MWENZI

Kaka yangu unayesoma gazeti la mkeo, usifunge ukurasa. Ndoa nyingi zetu zimejengwa mezani. Mlianza uchumba kwa kuku na chipsi, mkifurahi mnakula, mkigombana mnapatana kwa kula. Leo mwenzako anakaa na kisosi chenye vijiko vinne vya choroko, na wewe una sahani ya pilau. Unajiona unakula peke yako. Wako wanaume waliosusa chakula kwa huzuni, na wako wanaosema, "Onja kidogo tu, hakuna atakayejua." Tumbo litajua!

Lililowasaidia shemeji na mdogo wangu ni dogo sana. Waliendelea kukaa mezani saa ileile. Yeye alichukua kazi ya kuchuja na kusaga, mke akashika kazi ya kupima. Walipomaliza walitoka kutembea hadi karibu na Ziwa Kindai, nusu saa, jioni jua likipoa. Mazungumzo yaliyokuwa yanafanyika juu ya sahani yakahamia barabarani.

Jiandae pia kwa mambo haya. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele zinaweza kukatika. Kwa wengi huota tena protini na vidonge vikizingatiwa. Hasira za ghafla zitakuwepo, maana mtu aliyekuwa anajituliza kwa kula amenyang'anywa kitulizo chake. Usimwambie "ulitaka mwenyewe". Na wewe mke ambaye mumeo ndiye kafanyiwa, usipime mapenzi yake kwa kiasi alichobakiza. Sahani iliyorudi nusu haina maana kwamba kala kwingine.

SUALA LA MTOTO

Mawifi wataniuliza, basi nijibu. Uzito ukishuka, uwezo wa kushika mimba mara nyingi hupanda, tena ghafla. Kwa waliosubiri miaka mitano ni habari njema. Lakini madaktari hushauri msubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, wakati mwili unapungua kwa kasi na akiba ya vitamini iko chini. Kwa hiyo uzazi wa mpango unahitajika hapo hapo, na vidonge vya kumeza huenda visifanye kazi sawasawa baada ya baipasi. Kamuulize daktari njia nyingine kabla hujatoka hospitali. Mliambie pia jambo hili wale mliowaambia siri, kusudi vigelegele visubiri wakati wake.

NANI AAMBIWE?

Sikuambii utangaze kwenye kikoba. Kanuni yangu ni hii: anayeshika mwiko wa chakula chako ajue, na mtu mmoja wa kukukimbiza hospitali usiku ajue. Wengine ni hiari yako. Msaidizi wa nyumbani yumo kwenye hesabu, tena anza naye.

Kama unaogopa maswali, mwenzi wako ndiye azungumze na upande wake. Mwana anamweleza mamaye, binti anamweleza babaye. Maneno machache yanatosha: "Mama, amefanyiwa upasuaji wa tumbo kwa sababu ya sukari. Kwa miezi miwili chakula chake ni laini na kidogo. Tunaomba utusaidie kupika." Umeona sentensi ya mwisho? Mzazi ukimpa marufuku atanuna, ukimpa kazi utampata wote. Mama mkwe wa Ikungi sasa ndiye anayemgombeza mgeni yeyote anayemsukumia mkwewe sahani.

Kwenye harusi na misiba, ambako hutaweza kueleza kila mtu, kula nyumbani kabla, chukua kikombe cha supu ukishike mkononi. Mwenye kikombe hasumbuliwi.

USISUBIRI ASUBUHI

Kutoka Singida hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 700. Daktari aliyekukata hayuko mtaa wa pili. Kwa hiyo ondoka hospitali na maelezo ya maandishi ya upasuaji uliofanyiwa, na nakala yake ikae kwa mwenzi wako. Ukiona homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo au ya bega, kushindwa kupumua vizuri, mguu kuvimba na kuuma, kutapika kila unachomeza, au mkojo kukata, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa saa hiyo hiyo, na karatasi yako mkononi. Kutapika mfululizo kwa siku kadhaa kunamaliza vitamini B1 mwilini, na mishipa ya fahamu ikiathirika ni vigumu kuirudisha. Na dawa za maumivu usijinunulie tu dukani. Diklofenaki na wenzake wanaweza kuchimba vidonda katika tumbo hilo dogo.

Ndugu zangu, upasuaji huu hupewa watu ambao uzito unawatishia uhai. Ni wale wenye kipimo cha uwiano wa uzito na urefu cha 35 au zaidi, au 30 wakiwa na maradhi kama sukari, kwa miongozo ya kimataifa ya mwaka 2022. Aliyekubali kukatwa ili aishi hastahili kuumia kwa sababu ya kumwonea haya mtu aliyempikia. Mwambie. Watu wetu wanajua kulea. Wanachohitaji ni kuambiwa wanalea nini.

Kwa leo naishia hapa. Kama wewe au mwenzi wako mmepitia njia hii, niandikie, jina lako sitalitoa. Mwezi ujao tutazungumzia wanandoa wanaolala vyumba tofauti kwa sababu ya kukoroma. Tukutane panapo majaliwa.